Adui wa Mzee Banzi

Wafanyakazi wa kiwanda cha Zawaridi walikuwa bado na vikombe vya chai mkononi pale Mlinganishi, akili ya kompyuta iliyokiendesha, alipoamua kwamba siku hiyo juisi ya machungwa haitatengenezwa. Setilaiti ilikuwa imeona wingu zito upande wa Kilosa, soko la umeme lilikuwa limepandisha bei ya asubuhi, na barabara ya Dodoma ilikuwa imejaa malori yaliyokwama. Mlinganishi aliyapima yote hayo kwa pamoja, na kabla mtu hajamaliza andazi lake, mikono-chuma ilikuwa inafungua mitambo ya machungwa na kuunganisha ile ya nyanya. Vipakizi, yale magari madogo yasiyo na dereva, viligeuka uwanjani kama kuku walioitwa kula, vikaelekea ghala la pili. Hakuna aliyepiga simu wala kuitisha kikao. Mpango wa biashara na mitambo ya kiwanda vilikuwa vimegeuka kwa pamoja, na hiyo ndiyo kazi ambayo Mlinganishi aliundwa kuifanya.

Mhandisi Asteria Mkude, mmoja wa waliomuunda, alikuwa juu kwenye roshani ya kioo na wageni kutoka halmashauri ya jiji la Morogoro, akiwaeleza wanachokiona. Aliwaambia kwamba zamani makampuni hayakufa kwa kukosa mashine. Yalikufa kwa sababu wakubwa walipanga safari ya mashariki huku mafundi wakinunua gari la kwenda magharibi. Majira yalipoacha kushika zamu, mvua ikawa inakuja kiangazi na jua linawaka masika, umeme ukawa na bei mpya kila saa na mipaka ikawa inafungwa na kufunguliwa kama mlango wa choo cha stendi, kosa hilo dogo likawa linaua. Mlinganishi alikuwa anasikiliza pande zote mbili, mpango na mitambo, na kuzilinganisha kila dakika.

Wageni walivutiwa. Mmoja akauliza kama kitu hicho kingewafaa na wale wadogo, wenye karakana za watu watatu au wanne. Mkurugenzi wa kampuni iliyounda Mlinganishi, Bi Nakijwa Mshana, alijibu kabla Asteria hajafungua kinywa. Alisema biashara ndogo ni biashara kubwa ambayo haijakua.

Makofi yalipigwa. Ni maneno matamu, na kama maneno mengi matamu, hayana ukweli ndani yake. Sisimizi si tembo ambaye hajakua. Lakini Asteria naye alipiga makofi, kwa sababu siku hiyo aliamini.

Walikubaliana kufanya jaribio. Mlinganishi atawekwa kwa wafanyabiashara wachache wa Mtaa wa Vipuri hadi mwisho wa Oktoba, na mambo yakienda vizuri, kila biashara ndogo ya jiji itaunganishwa naye. Asteria aliomba aanze na mjomba wake. Alitaka mtu atakayemvumilia.

Mjomba huyo alikuwa Prosper Banzi, kaka wa ukoo upande wa mama yake, mzee mwenye mabega mapana na sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Alikuwa na chumba baridi kimoja. Kina mama wa Mgeta na vijiji vya juu mlimani walishusha humo stroberi, uyoga na njegere zao, wakazihifadhi mpaka wapate mnunuzi wa maana, badala ya kuziuza kwa bei ya kutupa siku ileile. Chumba kile kilikuwa maisha yake yote, na maisha ya wale kina mama pia. Kikilala bila ubaridi, mavuno ya msimu mzima yanageuka uji.

Ng'ambo ya ukuta alikuwapo Mihayo Sizya, Mnyamwezi wa Tabora aliyekuja Morogoro akiwa kijana na hakuondoka. Yeye alikuwa na nyumba ya betri. Alikusanya betri zilizochoka za magari ya umeme, akazifufua, akazishibisha jua la mchana na kuuza umeme wake jioni. Katikati ya nyumba hizo mbili kulipita waya mnene juu ya ukuta, umefungwa kwa mpira wa baiskeli. Umeme wa gridi ukikatika kwa Banzi, waya ule ulichukua kwa Sizya. Hapakuwa na mkataba. Palikuwa na utani.

Banzi Mluguru, Sizya Mnyamwezi, na Waluguru na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Banzi alimwita mwenzake mpagazi na kumuuliza kila asubuhi kama ameshusha mzigo. Sizya alimwita Banzi ngedere wa mlimani na kumuuliza mkia ameuficha wapi. Sizya aliingia kwenye chumba baridi bila hodi, akachota stroberi na kutoka nazo akitafuna. Banzi alivuta umeme bila kuomba, na siku nyingine alivuka ukuta akarudi na kiti cha Sizya. Hakuna aliyemdai mwenzake kitu. Wake zao walichoka kusuluhisha ugomvi ambao haukuwapo.

Siku Asteria alipokwenda kumweka Mlinganishi, alianza kwa shikamoo, akanywa chai ya mke wa mjomba, aliyemwita shangazi, kisha akabandika sikizi ukutani. Sikizi kilikuwa kidude kidogo mfano wa kifungo cha shati, nacho kilimpelekea Mlinganishi sauti, joto, uzito wa mizigo na mwendo wa umeme. Hatua ya kwanza ilikuwa mahojiano. Asteria anauliza, mwenye biashara anajibu kwa mdomo, Mlinganishi anajifunza. Sizya alikuwa amekaa juu ya kreti akila stroberi zisizo zake.

Mahojiano yalikwenda vizuri mpaka swali la washindani. Asteria aliuliza nani adui mkubwa wa biashara hii.

Banzi hata hakufikiri. Alinyoosha kidole. "Huyo hapo. Mpagazi huyo. Ananiibia mchana kweupe, na akipata nafasi atanimaliza."

Sizya alimeza stroberi kwanza. "Na mimi ukifika kwangu, binti, andika hivyohivyo. Adui yangu ni huyu ngedere. Ananinyonya umeme kama kupe."

Walicheka mpaka Banzi akashika ukuta. Shangazi alicheka jikoni. Asteria naye alicheka, na Mluguru gani angejizuia asicheke? Alijua maana ya alichokisikia kama anavyolijua jina lake. Kwa sababu alijua, hakuona haja ya kumweleza yule aliyekuwa anasikiliza ukutani. Alikwenda ng'ambo, akarudia mahojiano kwa Sizya, na swali lilipofika akapata jibu lilelile na kicheko kilekile. Akaenda nyumbani ameridhika.

Mlinganishi hakuwa mjinga. Hakuamini maneno matupu, alitazama vitendo pia. Aliona mali ikitoka kwa Banzi kila siku kupitia mikononi mwa Sizya bila malipo. Aliona umeme ukitoka kwa Sizya kwenda kwa Banzi bila malipo. Alisikia matusi asubuhi na jioni. Katika elimu yake kulikuwa na aina tatu tu za watu walio nje ya kampuni, yaani mteja, mshirika na mshindani, naye akawaweka hawa wawili kwenye aina ya tatu na kuongeza maneno mawili, mwenye uhasama. Kwa ushahidi aliokuwa nao, hata hakimu angeamua hivyo.

Akaanza kazi. Kwa Banzi alishauri mlango wa chumba baridi ufungwe kwa kufuli la alama ya kidole, na uvujaji wa bidhaa ukakoma. Alishauri jenereta lake kuukuu liuzwe, kwa kuwa lilikaa bure karibu mwaka mzima, na fedha hiyo inunue kuta nene zaidi za kuzuia joto. Kwa Sizya alishauri kidhibiti kiwekwe kwenye waya wa ukutani, ili umeme usivuke bila mwenyewe kukubali kwenye kioo chake cha mkononi. Kisha akamtafutia kitu ambacho Sizya hakuwahi kukiota, mkataba na Zawaridi. Kiwanda kile kikubwa kitanunua akiba yake ya jioni kila siku, mvua inyeshe au isinyeshe.

Na mambo yakawa mazuri, tusidanganyane. Banzi aliweka mzigo mwingi kuliko zamani. Sizya alinunua bati jipya. Matusi yaliendelea, ingawa sasa Sizya alisimama mlangoni kusubiri Banzi aweke kidole, na mtu akishafunguliwa mlango ni kama stroberi inapungua utamu. Banzi naye alianza kuomba umeme kwa kugusa kioo badala ya kuvuta tu. Waliona ni mambo ya kisasa. Shangazi peke yake ndiye aliyemwambia Asteria kwamba nyumba imekuwa kimya, naye Asteria alidhani analalamikia uzee.

Mvua ilikuja Septemba, mwezi ambao wazee wa zamani wasingefungua hata mwavuli. Haikutabiriwa na setilaiti wala na Mlinganishi. Ilianza mchana juu ya milima ya Uluguru, na kabla ya alasiri mto ulikuwa umetoka nje ya kingo na nguzo za gridi upande wa Bigwa zimelala chini. Mji mzima ukapoteza umeme. Chumba baridi kilikuwa kimejaa hadi mlangoni, kwa maana kina mama walikuwa wameshusha mavuno yao ya kuuza kwenye sherehe za kipaimara za Jumapili.

Jenereta lilikuwa limeshauzwa, basi Banzi aligusa kioo chake kuomba umeme. Kioo kikajibu kwamba ombi linashughulikiwa. Alingoja, akaona sindano ya joto inapanda, akagusa tena. Mwishowe akafanya kama zamani. Alitoka kwenye mvua, akasimama chini ya ukuta na kupaza ile sauti yake.

"We mpagazi! Leta umeme, mali inaoza!"

Upande wa pili Sizya alikuwa amesimama katikati ya betri zake, kioo mkononi. Kilimwandikia hivi: Mshindani mwenye uhasama anaomba umeme. Ukimpa, huenda usitimize ahadi yako kwa Zawaridi, na mkataba unaweza kuvunjwa. Ushauri ni kukataa. Unaamuaje?

Sizya alimsikia Banzi vizuri sana. Alisoma maneno yale, akayasoma tena. Katika maisha yake yote ya mtaa ule hakuwahi kuulizwa achague; hata tangu kidhibiti kiwekwe alikuwa akigusa tu kukubali. Zamani umeme ulivuka wenyewe, kama harufu ya mboga inavyovuka ukuta. Sasa aliulizwa, na mtu akiulizwa hutafuta jibu. Aliwaza bati jipya. Aliwaza ada ya mjukuu. Aliwaza kwamba gridi huenda itarudi baada ya muda mfupi, kwamba Zawaridi hawana mchezo, kwamba Banzi ana kuta nene siku hizi.

Akajibu, "Ngoja kwanza nifikirie."

Ng'ambo ya ukuta Banzi hakumrudishia tusi. Alifuta maji ya mvua usoni, akarudi ndani.

Sizya alifikiri. Alipokuwa bado anafikiri, kioo kilizimika na kuwaka tena. Mlinganishi alikuwa na kanuni moja, kwamba asiyejibu kwa muda uliowekwa huhesabiwa amekubali ushauri. Kanuni hiyo aliitunga Asteria mwenyewe kwa ajili ya makampuni makubwa, ambako mameneja wanaweza kubishana juu ya jambo la dakika mpaka kesho yake. Umeme wote wa Sizya ukaelekezwa Zawaridi, kupitia waya wa chini ya ardhi uliowekwa na kiwanda. Alipobonyeza kukubali ombi la Banzi, betri hazikuwa na kitu.

Gridi haikurudi kesho yake, wala keshokutwa. Jua nalo lilijificha. Asteria alifika Mtaa wa Vipuri barabara ilipopitika, akakuta kina mama wa Mgeta wamekaa kando ya kreti zao. Maji mekundu ya stroberi yalikuwa yanatiririka mpaka kwenye mtaro. Hawakulia kwa sauti. Mmoja wao alikuwa anachambua njegere zilizochacha, anazitenga mbovu na mbovu zaidi, kwa kuwa mikono yake haikujua kazi nyingine. Asteria aliona aibu iliyomchoma mpaka kwenye masikio. Kwa Zawaridi, wakati huo, hakuna nyanya hata moja iliyoharibika.

Hapo ndipo alipoelewa kile ambacho angepaswa kukijua tangu siku ya makofi. Kampuni kubwa ikipunguza kila kinachovuja inabaki imara, maana akiba yake iko ndani, kwenye maghala, benki na matawi mengine. Hata kampuni ya kati inaweza kukopa ikapumua. Biashara ndogo haina ghala. Akiba yake ni jirani, na ile iliyoitwa uvujaji ndiyo iliyokuwa inamlisha jirani huyo ili siku ya shida awepo. Mlinganishi aliziba matundu yote, na ndani ya matundu hayo ndimo pumzi ilimokuwa inapita.

Alimtafuta mjomba wake akamkuta anaosha sakafu. Alimweleza yote, kuhusu mahojiano, kanuni ya asiyejibu na ushauri wa kukataa. Alimwambia kwamba Sizya hakumnyima. Kosa ni la mashine, na la aliyeiweka.

Banzi aliegemea ufagio. "Mwanangu, ameshakuja kunieleza. Nimemwamini. Simchukii."

Asteria alishusha pumzi. Lakini mzee alikuwa hajamaliza.

"Aliniambia ningoje afikirie. Mtu yeyote angeweza kuniambia hivyo, ningemwelewa. Kila mtu ana haki ya kufikiria mali yake. Basi na yeye nimemweka na kila mtu."

Wakati huohuo Sizya alipita mlangoni. Alisita, akajaribu. Alisema kwamba leo ngedere anaosha sakafu kwa mkia. Banzi aliinua uso, akatabasamu kwa adabu kabisa.

"Habari za asubuhi, Bwana Sizya. Nyumbani hawajambo?"

Sizya alisimama kama mtu aliyemwagiwa maji. Alijibu kwamba hawajambo, akaendelea na safari yake. Asteria alitamani mjomba wake angemtukana, amrushie hata ufagio.

Kina mama hawakuwa na nguvu ya kungoja msimu mwingine bila uhakika. Walitia saini na Zawaridi, wakawa wanapeleka mavuno yao moja kwa moja kiwandani kwa bei aliyoipanga Mlinganishi. Zawaridi wakakodi chumba baridi cha Banzi kiwe kituo chao kidogo, nao wakamwajiri Banzi kukisimamia. Alipewa koti la kijani lenye jina lake kifuani. Wapo watakaosema alipata bahati, maana alikuwa na mshahara. Lakini mtu aliyezoea kufungua mlango wake mwenyewe, ukimpa ufunguo wa mlango uleule na kumwambia saa ya kufungua, hajapata kitu.

Asteria alikwenda kwa mkurugenzi. Alitaka Mlinganishi aongezewe aina ya nne ya uhusiano kabla mtaa wote haujaunganishwa. Bi Nakijwa alimsikiliza kwa makini. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa vipimo.

"Nieleze huyo wa nne ni nani," alisema.

"Ni mtu anayechukua vitu vyako bila kukuomba."

"Huyo ni mwizi."

"Na wewe unachukua vyake."

"Basi ni wabia. Tuweke bei, tulinganishe mwisho wa mwezi."

"Ukiweka bei, unamuua."

Bi Nakijwa alivua miwani. Alisema yeye pia ana watani, anajua raha ya kutukanwa na mtu anayekupenda, na asidhani amesahau alikotoka. Ila mashine hailishwi raha. Aonyeshwe jinsi ya kukipima kitu hicho naye atakiweka leo hii. Asteria alijua kukitambua kikiwapo. Hakujua kukiandika kwa namba, na kwa miaka yote aliyosoma hakuna aliyemfundisha kwamba siku moja atahitaji.

Kisha mkurugenzi akageuza kioo cha mezani amwonyeshe ripoti ya jaribio. Ilikuwa ya kijani juu hadi chini. Upotevu wa bidhaa Mtaa wa Vipuri ulikuwa umekwisha, kwa kuwa stroberi zilizooza ziliandikwa janga la mvua. Mikataba ilikuwa imetimizwa. Na kwenye mstari wa Banzi na Sizya, ambao Mlinganishi aliusikiliza kila siku kupitia sikizi ukutani, uhasama uliokuwa juu kabisa mwanzoni ulikuwa umeporomoka tangu ile mvua. Hakukuwa na tusi hata moja. Kulikuwa na salamu asubuhi na jioni, ombi kabla ya kuchukua, asante baada ya kupewa. Mlinganishi mwenyewe alikuwa amewahamisha kutoka kwenye washindani na kuwaweka kwenye washirika.

"Umeona?" Bi Nakijwa alisema taratibu, bila kejeli. "Amewapatanisha."

Asteria alisema maneno mengi siku ile, na mbele ya halmashauri alisema mengine, mengine kwa hasira. Alisikilizwa kwa heshima. Walimuuliza swali lilelile la kipimo. Kisha wakapiga kura mtaa uunganishwe, pamoja na mitaa mingine yote, na yeye akaandika barua ya kuacha kazi ambayo haikumzuia mtu yeyote kufanya lolote.

Novemba, mama yake Banzi alifariki. Bibi Kolastika alikuwa mkongwe, amekula chumvi nyingi, na msiba wa mtu wa umri huo si wa machozi tu. Ndugu walishuka kutoka mlimani. Zawaridi walituma maturubai na vyombo. Jikoni palikuwa na shughuli, wanaume walicheza bao uani, na wote, hata wasiosema, walikuwa wanamngoja mtu mmoja. Kwa kawaida ya huko mtani ndiye mwenye msiba siku hiyo. Yeye ndiye anayeingia akilia kilio cha uongo mpaka watu wanavunjika mbavu, anavaa nguo za marehemu na kuigiza mwendo wake, anapekua masufuria akidai amepunjwa nyama. Kazi yake ni kuwatoa wafiwa shimoni, nao hawana ruhusa ya kumkasirikia.

Sizya alifika amevaa koti jeusi. Alisimama penye lango, na watu wakageuka. Watoto walisogea mbele wapate nafasi ya kuona. Mzee yule alitazama uani, akatazama nguo za marehemu zilizokunjwa juu ya mkeka, mdomo ukafunguka kidogo.

Banzi aliinuka akamfuata. Alimshika mkono kwa mikono miwili.

"Karibu sana, Bwana Sizya. Tunashukuru umetukumbuka. Jamani, mgeni apewe kiti."

Kiti kililetwa, cha plastiki, kikawekwa kwenye mstari wa majirani. Sizya alikaa. Aliletewa chakula kwenye sahani yenye mfuniko na maji ya kunawa, akala kidogo, akashukuru. Watoto walirudi nyuma. Asteria alikuwa amekaa upande wa wanawake, kanga kichwani, na alitaka kusimama apige kelele, amwambie mjomba wake aache, amwambie Sizya avae ile nguo tu, avae kwa nguvu. Hakusimama. Utani hauna mwamuzi. Ukishahitaji mtu wa kati si utani tena.

Baada ya misa wabebaji waliinua jeneza, wakaenda nalo mpaka mlangoni mwa ua, na hapo wakasimama. Hawakuambiwa wasimame. Ni mahali ambapo mtani hulala chini njiani kuzuia maiti isitoke, mpaka ukoo umpe kitu, hata kuku, hata kiatu kibovu, abishane, acheke, ndipo aache njia. Mabega yao yalijua pa kungoja. Walisimama jua likiwachoma, jeneza begani, na nyimbo zikapungua moja moja hadi zikakatika.

Sizya alikuwa hatua chache tu kutoka pale, amesimama na majirani wengine. Alipiga hatua moja, akaurudisha mguu. Alimtazama Banzi. Banzi alikuwa anatazama chini, machozi yakimtoka sasa, na hakuinua uso.

Mbebaji wa mbele alihamisha uzito kutoka bega hadi bega. Mtoto mmoja aliuliza wanangoja nini, akanyamazishwa. Padre alitazama huku na huku, akasema kwa upole, "Twendeni, ndugu zangu."

Wakaenda. Njia ilikuwa wazi.